Darasa la watoto 97: nadharia za chuoni zinanisaidia nini?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili, niko kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, mkoani Shinyanga. Nimepangiwa darasa la tatu, Hisabati na Kiswahili, lina wanafunzi 97. Kuna mvulana mwenye ualbino ambaye haoni vizuri ubaoni. Kuna mwingine anatembea kwa gongo, mguu mmoja umepooza. Na kuna msichana ambaye nina wiki mbili hapa sijawahi kusikia sauti yake. Wengi wao nyumbani wanaongea Kisukuma. Nadharia za ujifunzaji nilizisoma na mtihani nilipata B, lakini nikisimama mbele ya watoto hawa sioni Piaget wala Vygotsky ananisaidia nini. Mwalimu mwenyeji ameniambia mambo ya chuo niyaache chuoni. Je, nadharia hizi zina kazi gani kweli, na darasa kama hili nitalifanyaje liwe jumuishi?"

Marahaba, Mwalimu. Nakuita Mwalimu ingawa cheti hujakishika, maana watoto 97 wanakuita hivyo kila asubuhi na hakuna hata mmoja aliyekuuliza habari za cheti.

Nimefundisha Saikolojia ya Elimu kwenye vyuo vya ualimu kwa miaka 22, na kabla ya hapo nilishika chaki shule za msingi miaka 9. Ulichouliza nakisikia kila msimu wa BTP, ila wengi huniuliza kijumlajumla: "Nadharia zina umuhimu gani?" Wewe umenitajia watoto, na hilo limenifurahisha kuliko ile B yako. Lawama nyingi hapa ni zetu sisi wakufunzi. Tumezoea kuwapa nadharia kama orodha: jina la mtu, nchi yake, mnyama aliyemfanyia jaribio, hatua nne, ubora, udhaifu, na "umuhimu kwa mwalimu" ambao mwanachuo anaukariri usiku wa kuamkia mtihani. Ukifika darasani unatafuta mahali pa kuichomeka orodha hiyo, hupaoni, na unadhani tatizo ni lako.

Mimi nazitumia hivi. Mtoto anapokosa, au anaponyamaza, najiuliza kwa nini. Jibu la kwanza linalonijia ni lile la ofisi ya walimu: mvivu, mzito, mtoro, wazazi hawafuatilii. Nadharia zinanilazimisha nitafute jibu la pili na la tatu. Kila mmoja wa wale wataalamu alimtazama mwanafunzi kwa upande wake, kwa hiyo kila mmoja ananiachia swali ambalo peke yangu nisingelifikiria. Tuchukue hesabu moja tu uone.

Darasa la tatu utawafundisha kutoa kwa kukopa. Andika ubaoni 52 − 17, uipange wima, makumi chini ya makumi na mamoja chini ya mamoja. Waache wafanye bila msaada, kisha pita kwenye madawati ukisoma madaftari. Utakutana na 45. Utakutana nayo tena na tena, dawati la mbele na la nyuma, kwa watoto ambao hawakuangaliziana.

Jean Piaget alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, yuko Paris, karibu mwaka 1920, akifanya kazi ya kuwapa watoto wa shule majaribio ya akili. Kilichotakiwa na waliomtuma kilikuwa majibu sahihi. Yeye akavutwa na yaliyokosewa, kwa sababu aliona watoto wa umri mmoja wanakosa kwa namna moja, kana kwamba wamekubaliana. Akaanza kukaa nao na kuwauliza wamefikaje kwenye jibu. Zile hatua nne za ukuaji wa akili ulizokariri zilikuja baadaye sana. Mwanzo wake ni mtu aliyeketi na mtoto akalichukulia kosa lake kwa uzito.

Fanya alivyofanya. Mwite mtoto mmoja mwenye 45 umwambie kwa upole, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Atakuambia: mbili toa saba haiwezekani, kwa hiyo nikafanya saba toa mbili, tano, tano toa moja, nne. Msikilize vizuri hapo. Huyu mtoto anafuata kanuni. Darasa la kwanza na la pili aliambiwa kila siku kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo, naye ametii. Ukimpigia X ya wino mwekundu na kumrudishia daftari, anachojifunza ni kwamba utii wake haukufaa kitu. Njia bado haijui.

Asichokuwa nacho ni maana ya ile 5 iliyo kwenye 52. Kwake ni tano kama tano nyingine yoyote. Piaget angekuambia kwamba mtoto wa umri huo anafikiri vizuri sana juu ya vitu anavyoweza kuvishika na kuvipanga upya, na anapotea ukimpa alama tupu. (Miaka aliyoiandika usiishike kama sheria. Darasa lako lina watoto wa miaka 8 na pengine wa miaka 12, na wote hawakui kwa mwendo mmoja.) Basi kila dawati lije na vijiti 60, wavifunge kumikumi kwa kamba ya katani au nyasi. Waambie watenge 52: mafungu 5 na vijiti 2. Sasa watoe 17. Fungu moja litatoka bila shida. Kisha vinatakiwa vijiti 7 na vilivyo wazi ni 2. Hapo nyamaza. Kaa kimya mpaka kimya chenyewe kikuume, kwa sababu baada ya muda kuna mtoto atafungua fungu moja, na dawati la jirani litamwona. Mafungu 3, vijiti 5.

Nimekaa nyuma ya madarasa mengi ya BTP kutathmini masomo yenye zana nzuri, zimepakwa rangi, na aliyezishika kipindi kizima ni mwalimu peke yake. Watoto walimtazama mwalimu akihesabu vizibo vya soda. Jerome Bruner, Mmarekani, katika miaka ya 1960 alieleza kwamba tunakishika kitu kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha, kisha kwa alama. Kwa hesabu yetu maana yake ni vijiti siku ya kwanza, michoro ya mafungu kwenye daftari siku ya pili, na tarakimu peke yake siku ya tatu. Mtoto akipotea kwenye tarakimu, mrudishe kwenye mchoro. Usimrudishe kwenye tarakimu zilezile kwa sauti kubwa zaidi.

Lakini utaniambia, Mwalimu, wako 97, nitakaa na nani? Mwongozo wa serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wewe umepewa zaidi ya mara mbili yake. Hapa ndipo Lev Vygotsky anapokuja na msaada, na ningependa ukae naye kidogo.

Vygotsky alizaliwa Orsha, Belarus ya leo, mwaka 1896, mwaka uleule aliozaliwa Piaget, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Alichokiona ni hiki: ukitaka kumjua mtoto, usiishie kwenye anachoweza peke yake, tazama pia anachoweza akishikwa mkono na anayejua zaidi kidogo. Kati ya hapo na hapo ndipo mafunzo yanapoingia. Ukimfundisha anachokiweza tayari unampotezea muda. Ukimfundisha asichokiweza hata akisaidiwa, unamtesa. Na anayejua zaidi kidogo si lazima awe mwalimu. Darasa lako limejaa watu wa namna hiyo, wa miaka 9, wameketi dawati moja na mwenzao anayehitaji msaada.

Kwa hiyo achana na vikundi vya watoto wanane au kumi. Najua mbinu shirikishi tuliwafundisha kwa jina la "majadiliano ya vikundi", na najua wanachuo wanavyowapanga watoto kwa vikundi mkufunzi anapokuja kuwatathmini. Kwenye kikundi cha kumi anaongea mmoja, anaandika mmoja, wanane wanacheza na vifutio. Tumia wawili wawili, au watatu kama dawati linabeba watatu. Mmoja anafanya, mwenzake anamwambia "nieleze", kisha wanabadilishana. Hakuna dawati linalohama, hakuna dakika inayopotea kwa kelele za kupanga viti, na kila mtoto amefungua kinywa walau mara moja kabla kengele haijagongwa.

Mwaka 1976 Bruner pamoja na David Wood na Gail Ross waliandika kuhusu msaada wa namna hii wakaufananisha na jukwaa la mirunda ambalo fundi hulijenga ukuta unapopanda. Ukuta ukikamilika mirunda inaondolewa. Walimu wachanga husahau kuiondoa. Kama wiki ya tatu bado watoto wako hawawezi kuanza hesabu mpaka useme "tunaanza upande gani, jamani?" nao wajibu "mamoooja!", basi wewe ndiye umekuwa mirunda, na siku ya mtihani hutakuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulifanya kinyume. Unapotaka mtoto aje kufanya hesabu ubaoni, unamwita nani? Yule anayepata siku zote. Albert Bandura, anayejulikana kwa jaribio la mwaka 1961 la watoto walioiga kumpiga mwanasesere, alisisitiza pia kwamba mtu hujifunza kwa kuwatazama wengine na kwamba imani ya mtu kuwa "hili naliweza" inabadilisha anachokifanya. Mwaka 1985 Dale Schunk na Antoinette Hanson wakalipima jambo hili kwa watoto waliokuwa wakishindwa hesabu za kutoa kwa kukopa, hizihizi zako. Waliomwona mtoto mwenzao akijifunza kuzifanya walijiamini zaidi na walifanya vizuri zaidi kuliko waliomwona mwalimu tu. Basi kesho mwite yule aliyepata 45 jana na leo amepata 35. Mwambie aeleze alikosea wapi na alitokaje. Mtoto wa dawati la nyuma akimsikia, anajisikia yeye.

B. F. Skinner, Mmarekani aliyechunguza jinsi matokeo ya tendo yanavyojenga tabia, ndiye mnayemchoka mapema, kwa sababu ya njiwa na panya aliowafanyia majaribio. Mimi nakumbuka zaidi alichokiona mwaka 1953 alipokwenda kutembelea darasa la hesabu la binti yake, darasa la nne. Aliona watoto wanafanya hesabu na hawajui kama wamepata au wamekosa mpaka karatasi zirudi baadaye. Hilo lilimkera mpaka akaenda kutengeneza mashine ya kufundishia. Wewe huna mashine, una madaftari 97 ambayo ukiyakusanya Jumatatu yatarudi Alhamisi, na kwa siku tatu mtoto wa 45 ameendelea kuamini 45. Tumia vidole. "Nikihesabu tatu, kila mtu ainue jibu lake: makumi kwanza, halafu mamoja." Vidole vitatu, kisha vitano. Kwa kutupa jicho mara moja umewaona 97. Na sifa uitoe kwa kitu maalumu. Makofi ya kilo tunayompigia kila mtu kwa kila kitu mtoto anayazoea kama sauti ya mvua. Mwambie, "Umefungua fungu bila kuambiwa." Hilo atalibeba mpaka nyumbani.

Sasa fimbo. Hukuniuliza, lakini uko shuleni na utaiona. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye, viboko visizidi vinne, na tukio liandikwe kitabuni. Wewe mwanachuo humo haumo. Hata akikukabidhi mtu fimbo, usiipokee, na hasa usiipokee kwa kosa la hesabu. Skinner mwenyewe, ambaye watu hudhani alikuwa bwana wa adhabu, aliipinga; aliona inazuia tabia kwa muda na kuacha woga. Mkumbuke na Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi: mbwa wake walitoka mate kwa mlio uliozoea kuja na chakula. Mtoto aliyechapwa kwenye Hisabati mara tano, tumbo lake linapoa kwa neno "Hisabati" tu, kabla hujaandika chochote. Mtoto mwenye tumbo lililopoa hawezi kufungua fungu la vijiti akafikiri.

Tuje kwa watoto wako watatu. Naanza na Vygotsky tena, kwa jambo ambalo chuoni hatulisemi vya kutosha. Katika miaka ya 1920 alifanya kazi nyingi juu ya watoto wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili, na alichosisitiza ni kwamba upungufu wa mwili ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ni vile jamii inavyomfungia mtoto nje ya maisha ya wenzake. Jicho hafifu halimzuii mtoto kujua hesabu. Kinachomzuia ni hesabu kuandikwa mahali asipopaona na mtu asimsomee.

Kijana mwenye ualbino, wengi wanaishia kumkalisha mbele. Ni mwanzo tu. Ualbino unaathiri ukuaji wa jicho lenyewe, na miwani husaidia kiasi lakini haimalizi. Mwanga mkali unamwumiza, kwa hiyo mbele karibu na dirisha ni pabaya kuliko nyuma. Mkalishe mbele upande wenye kivuli, na umpe ruhusa ya kudumu kusogea mpaka ubaoni bila kuomba kila mara. Andika kwa herufi kubwa kwenye ubao uliofutwa vizuri, na kila unachoandika kisome kwa sauti unapomaliza: "Hamsini na mbili, toa kumi na saba." Angalia litakalotokea. Watakaofaidika watakuwa wengi kuliko yeye: asiyesoma haraka, aliyekaa nyuma ya mrefu, aliyechelewa kunakili. Akiinamia daftari mpaka pua iguse karatasi, mwache, ndivyo anavyoona. Kipindi cha usafi na bustani asiwe juani mchana; kofia na mikono mirefu si utovu wa sare. Na ujue anatembea na nani kurudi nyumbani. Uko Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, kwa hiyo hilo ni jukumu lako kama lilivyo andalio la somo.

Mwenye gongo usimpangie chochote kabla hujamwuliza. Anajua kuliko wewe ni wapi anakwama. Pengine ni kizingiti cha mlango, pengine ni choo kisicho na pa kujishikilia, na kama ni choo mwambie mwalimu mkuu leo, maana mtoto wa namna hiyo huacha kunywa maji siku nzima ili asiende. Asisamehewe kila kitu kwa huruma. Zamu ya kufuta ubao ni yake kama ya wenzake, akiitaka.

Kabla ya msichana nikueleze langu, kwa sababu bado linaniuma. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mvulana darasa la tatu ambaye nikimwita haitiki, nikimwuliza hiki anajibu kile, darasa linacheka. Nikamwona jeuri. Nilimsimamisha pembeni vipindi vingi, mpaka siku bibi yake alipokuja shuleni na mahindi ya uji, akaniambia tu katika mazungumzo, "Mwalimu, ukimwita msogelee upande wa kushoto. Sikio la kulia lilikufa na surua." Miezi mitano nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kutosikia. Sikuwa mkatili, nilikuwa sijajiuliza swali la pili. Tangu siku hiyo, mtoto yeyote ninayemwona "jeuri" au "mzito" kwanza nampima: nasimama nyuma yake nasema jina lake kwa sauti ya kawaida, nampa asome herufi ya ubaoni kutoka alipokaa, natazama kama sikio linatoka usaha. Dakika tatu. Wafanyie wote 97 kidogo kidogo, kumi kwa siku. Na wewe mwenyewe acha kuongea huku umegeukia ubao. Wanaosoma midomo wako wengi kuliko unavyodhani, na hawajitangazi.

Kwa hiyo msichana wako umpime masikio kwanza. Kama yako sawa, fikiria lugha. Mtoto aliyekulia kwenye Kisukuma anaweza kukielewa Kiswahili chako chote na bado asithubutu kukitamka mbele ya watu 97, hasa kama aliwahi kuchekwa. Kisukuma hakina sauti ya r, kwa hiyo mtoto anaandika "baluwa" na kusema "kuludi". Darasa likicheka, au mwalimu akimwiga, mtoto anajifunza haraka kwamba kunyamaza ni salama. Makosa hayo ni kama ile 45: yana kanuni ndani yake. Fundisha l na r kwa uwazi, kwa darasa zima, kama kitu ambacho mdomo unajifunza, bila kumtaja mtu.

Shule nyingine zina kibao anachovishwa anayeongea kilugha. Ikiwa kipo kwenu, huwezi kukiondoa wewe mgeni, lakini kwenye kipindi chako kisifanye kazi. Mwaka 1979 Jim Cummins wa Kanada alieleza kwamba wazo lililoeleweka kwa lugha moja halianzi upya kwenye lugha nyingine. Mtoto anayejua kukopa kumi kwa Kisukuma anatafuta maneno tu. Waruhusu wawili wawili wajadili kwa Kisukuma, kisha waseme jibu kwa Kiswahili. Nawe waombe wakufundishe. Ingia asubuhi na "mwangaluka", waulize maji wanayaitaje. Watoto wakimwona mwalimu anakosea "minzi" na anarudia bila aibu, wanapata ruhusa ya kukosea.

Na ukiuliza swali, subiri. Mary Budd Rowe, mwalimu wa sayansi kule Marekani, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Kwa kawaida ilikuwa sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu. Hesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Utaona ni muda mrefu wa kutisha. Subiri hivyohivyo.

Mawili niyapite haraka. La kwanza, kama mliambiwa muwagawe watoto kwa wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kutenda, kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake, liacheni. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu waliupitia ushahidi wote wa jambo hilo wakakuta hautoshi kabisa. Vijiti vinawasaidia wote kwa sababu hesabu ya makumi inataka kushikwa, haihusiani na aina ya mtoto. La pili, ile safu ya "wazito" nyuma darasani. Ivunje wiki hii. Mtoto aliyekalishwa huko anajua ameitwa nani, na hakuna jirani wa kumshika mkono.

Mwalimu wako mwenyeji usigombane naye. Amekuwa na darasa la namna hiyo kwa miaka mingi bila msaidizi, na anaposema mambo ya chuo yabaki chuoni, mara nyingi anamaanisha kwamba amewaona wanachuo wengi wakija na manila nzuri na kuondoka bila mtoto hata mmoja kujua kutoa. Usimhubirie nadharia. Mwendee na madaftari kumi yenye 45, umwambie, "Mwalimu, nimekuta hili, wewe ungelifanyaje?" Atakuambia kitu cha maana, nina hakika. Kisha mwombe dakika kumi za vijiti. Akitaka kujua jambo hili limetoka wapi, mkumbushe kwamba Mwalimu Nyerere, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi na kujiamini kwamba yu sawa na wenzake. Si mageni kwetu.

Wala usijione unawafanyia hisani wale watatu. Nchi 92 zilikubaliana kule Salamanca, Hispania, mwaka 1994 kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa watoto wote, na sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kusoma. Wapo kwenye dawati lao.

Kwenye andalio la somo, sehemu ya tathmini, wanachuo huandika "asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo". Nimeisoma sentensi hiyo maelfu ya mara na sijawahi kujua asilimia 80 hiyo ilihesabiwaje. Wewe andika kosa moja ulilolikuta, watoto wangapi wanalo, majina ya watatu, na utakachofanya kesho. Mistari minne. Mkufunzi wako akija akaona hivyo, atajua kuna mwalimu humo.

Na huyo msichana usimwite ubaoni kwanza. Mpe jirani mpole mwenye lugha yake, mpe kazi inayotaka mikono kabla ya maneno, kugawa vijiti kwa mfano, na ukipita dawatini kwake inama uulize kwa sauti ya chini jambo analoweza kulijibu kwa kuonyesha. Baada ya wiki tatu kama hata kwa jirani yake hasemi, mwombe mwalimu wa darasa mwende wote nyumbani kwao. Msiende kushtaki. Mwulizeni mama yake anaongea nini wakiwa kisimani.